Pikipiki ya Ngapi kwa Njia ya Walikale

Mwezi huu nimerudisha jile yangu, ile fulana ya kazi, kwa chama cha motari, sisi waendesha pikipiki za abiria, pale parkingi ya Sake. Mgongo umekataa, na mkono wa kuume hauwezi tena kushika gesi mpaka Masisi bila kufa ganzi. Rais wa chama alitoa hotuba ndefu kuliko njia yenyewe, ninyi wadogo zangu mkaninunulia soda, mkanipiga picha nimekaa juu ya pikipiki isiyo yangu, na kesho yake mkaanza kunipigia simu kana kwamba sijaondoka. Maswali yenu ni mengi, lakini moja linarudi kila mara: Papa Bauma, nilianza na pikipiki ya injini ya mia moja, sasa nataka kupanda, nichukue ya ngapi?

Safari hii aliyeuliza ni Masika, binti wa Kasereka. Wengi mnamfahamu, maana wasichana wanaoendesha pikipiki hapa Sake hawafichiki. Amefanya kazi na ya mia moja kati ya Sake na Mushaki, akibeba abiria na madumu ya maziwa, na sasa anataka kwenda mbali zaidi, apite Masisi, ashuke mpaka Mpofi na Walikale. Alinitumia kwenye simu picha ya pikipiki ya mia mbili, nyekundu, ndefu kama ngamia.

"Minauliza papa," akasema, "anakataa kunijibu. Anasema niende kwako. Anasema weye njo unajua."

Kasereka siku hizi anauza vipuri karibu na njia panda. Si mtu wa kukaa kimya. Anaweza kuzungumzia bujii moja, plagi tu ya injini, mpaka mteja akumbuke kwamba ana safari. Lakini binti yake akimwuliza habari ya ukubwa wa injini, anainuka na kwenda kupanga minyororo ambayo imeshapangwa. Mimi najua sababu, na ndiyo maana naandika. Sikuweza kumjibu Masika kwa simu. Njia anayotaka kuiingia karibu iniondolee baba yake, na yule binti nampenda kama wangu. Akichagua vibaya, hatutakuja kuzungumza habari ya vipuri.

Nianze nilikoanza mimi. Kwetu ni milimani juu ya Mushaki, tunalima viazi na maharagi, na shamba la baba halikutosha kugawanywa tena. Nikashuka Sake kutafuta kazi kwa Papa Paluku, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo. Alikuwa na duka la sabuni, chumvi na misumari, na nyuma ya duka pikipiki kadhaa alizowapa vijana waendeshe. Alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli. Kila asubuhi alisali rozari nzima mbele ya pikipiki, kisha akazikagua moja baada ya nyingine kama mtu ambaye bado hana hakika kama amesikilizwa.

Siku yangu ya kwanza alinipa ya mia moja, akanifungia sabuni na gunia la nguo, akasema niende Masisi nirudi. Niliondoka kwa kishindo. Kuanza kilima cha kwanza nje ya mji, injini ikakohoa na kufa mbele ya mama waliokuwa wanauza maziwa. Nikapiga kiki mpaka jasho likaingia machoni. Mmoja wao akaniita, "Kaka, ile ngombe yako imechoka? Uipe majani!" Wenzake wakacheka wakashikana mabega. Nikairudisha kwa kuisukuma mpaka dukani, nikiwa nimekwisha kutunga maneno ya kuomba msamaha kwa kuharibu mali ya mtu.

Papa Paluku hakuinuka hata kwenye kiti. "Umefungua robine?"

"Robine gani, papa?"

"Ile iko chini ya tanki, ku kushoto. Esansi itapita wapi, mu miguu yako?"

Hapo nikajifunza kitu ambacho sikukisahau tena. Chini ya tanki kuna bomba dogo lenye mshikio, ndiyo robine. Ukiifunga, petroli haishuki tena. Lakini kwenye kabureta kuna kikombe kidogo ambacho bado kimejaa, na hicho kinatosha kukuwashia pikipiki na kukupeleka mahali, vizuri kabisa, bila dalili yoyote. Kisha kinaisha, na injini inakufa kama iliyovunjika. Asiyejua atafungua kila kitu isipokuwa robine.

Papa Paluku alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Ukishuka, funga. Ukipanda, fungua. Mkono wa kushoto, bila kutazama, hata kama umeshuka kwenda haja tu. Alisema kabureta za kizee zinavuja na kumwaga petroli ndani ya injini, tena wezi wana mipira ya kunyonyea mafuta. Mchana alipita parkingi akigusa matumbo ya pikipiki kama muuguzi anayepima mimba. Akikuta robine wazi, anachukua ufunguo, na siku hiyo unatembea kwa miguu. Kasereka, ambaye aliletwa na Papa Paluku mwenyewe kutoka kwao Butembo, alitembea sana mwanzoni. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na mkono wa kushoto aliutumia zaidi kueleza habari zake.

Ya mia moja ni mwalimu mzuri kwa sababu haina nguvu ya kukufichia ujinga. Ukikosea kubadili vitesi, yaani gia, kwenye kilima cha Mushaki, inakuambia hapo hapo. Ukizidisha mzigo, abiria anashuka na kutembea, na abiria anayetembea huku amelipa nauli ana ulimi. Nilijifunza kusikiliza injini, kusoma rangi ya matope, kujua mahali lori limechimba na mahali maji yamefunika shimo. Wale wanaoanza moja kwa moja na pikipiki kubwa nimewaona. Wanapita kila mahali mpaka siku wasipopita, na siku hiyo hawajui hata walichokosea.

Ikafika wakati Papa Paluku akataka watu wa kupeleka bidhaa mpaka Mpofi, akatuchagua mimi na Kasereka. Ya mia moja isingetosha. Kutoka Masisi njia inashuka kuingia msituni, na kurudi ni kupanda tu, na matope yale yanashika gurudumu kama mkono wa mtu. Alileta tatu: ya mia na ishirini na tano, ya mia na hamsini, na ya mia mbili. Sisi tukazizunguka tukizungumzia mwendo. Yeye akatuacha tumalize.

"Mwendo gani?" akasema mwishoni. "Mu matope ya Kashebere utakimbia na nani?"

Kisha akatupeleka nyuma ya duka, mahali maji ya kuoshea yanapomwagika, penye mteremko. Akafunga gunia la maharagi nyuma ya kila pikipiki, akazilaza ubavu kwenye matope. "Inua peke yako," akasema. "Ile utainua, njo yako. Ile hautainua ni ya mwenye atakukuta ku njia."

Ya mia mbili niliivuta mpaka nikaona nyota, haikunyanyuka hata kidogo. Ya mia na hamsini ilisimama, ikaniangukia upande wa pili. Ya mia na ishirini na tano niliisimamisha. Kasereka akaja, akainama, akaiinua ya mia mbili mara moja kama anayeokota mtoto, akacheka. Miguu yake ilifika chini hata kwenye mteremko. Yangu, kwenye kile kiti, ilikuwa inaning'inia. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Papa Paluku hakufurahi. Alimwambia Kasereka kwamba kuinua ni nusu ya habari tu. Ya mia mbili inakula petroli, na ukipita Nyabiondo utainunua kwenye chupa, imechanganywa na mambo mengine. Ukivunja kitu, vipuri vya mia na ishirini na tano vipo kila kibanda, hata pale wanapouza mihogo, lakini vya mia mbili ni mpaka Goma. Halafu akasema neno ambalo Kasereka alilipuuza: "Usiulize tu itapanda wapi. Uliza nani ataitamani. Ile sauti yake banaisikia mbele haijafika, na kule si kila mutu anafurahi kuisikia."

Kasereka akaichukua hivyo hivyo. Mimi nikachukua ya mia na ishirini na tano, na Papa Paluku akanibadilishia kuroni, lile gurudumu la meno la nyuma, akaweka lenye meno mengi zaidi. Kwenye tambarare ikawa inalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na hata chukudu, ile baiskeli ya mbao, iliyobeba mkaa ilinipita kwenye mteremko wa kuingia Sake, watoto wakashangilia. Lakini kwenye kilima, vitesi ya kwanza ilivuta kitu chochote nilichokifunga nyuma. Sikilizeni hapo wadogo zangu: wengi mnaolilia injini kubwa, mnacholilia hasa ni meno.

Njia ile tuliifanya wawili wawili. Moja nyepesi, moja yenye nguvu. Nyepesi inatangulia kwenye madaraja ya magogo, nzito inavuta kwenye tope refu. Na tulikuwa na desturi nyingine, ambayo nanyi mnaijua: pikipiki inayopita Nyabiondo haioshwi. Matope yakikauka juu ya rangi yanaachwa. Yanaifanya ionekane mbovu, na mbovu inapita bariere ya wenye bunduki ambayo nzuri haipiti.

Sasa nifike siku yenyewe.

Jumamosi moja Kasereka alikodiwa kubeba bibi harusi pale Sake. Basi akaiosha. Aliisugua kwa sabuni ya unga, akaipaka mafuta ya kupikia kwenye matairi, ikang'aa kuliko bwana harusi. Wiki iliyofuata tukaondoka na mzigo wa chumvi na sabuni kwenda Mpofi, na ile pikipiki ilikuwa bado nyekundu, haina tope. Nikamwambia ipitishe kwenye dimbwi. Akasema, "Kaka, acha watu baone kitu mzuri." Mvua haikunyesha siku ile, bahati mbaya. Tulifika salama, tukalala, na asubuhi tukiwa tunafunga kamba ili turudi, mkunga wa kituo cha afya akaja anakimbia.

Alituambia kuna mwanamke anaitwa Riziki, mimba yake ya kwanza, mtoto amelala kikingamo tumboni. "Hapa hatoki," akasema. "Ni kumupasua, ku hospitali ya Masisi. Kama jua linaingia muko mu njia, mutaniletea maiti mbili." Hakuna aliyezungumzia nauli. Tulimpakia Riziki kwenye ya mia mbili, kwa sababu ina springi laini na haimtikisi mgonjwa. Mimi nikafunga na mzigo mdogo wa Kasereka nyuma yangu, nikambeba mama mkwe wa Riziki, bibi mwembamba aliyeshika beseni na nguo za mtoto. Tukaondoka na anga ni jeusi mbele yetu.

Saa za mwanzo zilienda vizuri. Kwenye madaraja ya magogo Riziki alishuka, akavuka akishikwa na bibi, akapanda tena. Hakulia. Maumivu yakimjia aligonga mgongo wa Kasereka kwa ngumi, na Kasereka akapunguza mwendo mpaka ngumi ikatulia. Nilianza kuamini kwamba tutafika mapema.

Mbele ya kilima kirefu tukakuta mwanzi umelazwa njiani. Bariere ile tulikuwa tunaifahamu, na watu wake walitufahamu. Waliokuwepo siku hiyo walikuwa wengine. Walikuwa wamelowa, wana macho ya watu wasiolala, na bunduki zilikuwa mikononi, si begani. Mkubwa wao alivaa koti la mvua la njano.

"Zima moto! Shukeni bote!"

Kasereka akaizima pikipiki, akashuka ili amsaidie Riziki. Na hapo nikauona mkono wake wa kushoto. Ulipita chini ya tanki, ukafunga robine, ukarudi, kama vile tulivyofundishwa nyuma ya duka. Ilikuwa mazoea tu, nadhani. Sidhani kama alikuwa amepanga kitu.

"Shefu," akasema, "huyu mama, mutoto amekwama. Tunamupeleka ku hospitali."

"Njo minaona. Hii moto ni ya nani?"

"Ni yangu, shefu. Iko ya kizee."

"Kizee, na inangaa vile?"

Akaizunguka. Akapitisha kidole kwenye tanki, akakitazama kidole, hakikuwa na tope. Kisha akaigeukia yangu, iliyofunikwa na udongo wa misimu yote. "Na hii mbuzi, nani anaitaka?" Sijawahi kutukanwa nikafurahi kama nilivyofurahi pale, na furaha ile haikufika hata pumzi moja.

"Weye mrefu," akamwambia Kasereka, "utatupandisha kule juu. Tuko na mizigo." Alionyesha kijia kinachoacha barabara na kupanda msituni. "Mama ashuke."

Bibi akapiga magoti matopeni na beseni lake. "Mutoto wangu, weye pia kuko mama alikuzala."

"Bibi, sina neno na weye. Pandeni ile mbuzi, muende."

Nikasema, "Shefu, chukua moto, muache huyu mutu."

"Weye njo utaiendesha?"

Nikakitazama kile kiti kirefu. Kasereka akawahi kujibu kabla yangu. "Hawezi, shefu. Miguu yake haifiki chini." Akasema kwa sauti ya mzaha, na wale wenye bunduki wakacheka. Alikuwa ananitoa mimi pale, na sote wawili tulijua. Kisha akamleta Riziki kwenye pikipiki yangu, akachukua kitenge cha bibi, akamfunga Riziki mgongoni mwangu kwa nguvu, kama mtoto anavyofungwa. Alipokaza fundo aliniambia karibu na sikio, "Usinigoje."

Nilitaka kumwambia habari ya robine. Sikujua kama anakumbuka kwamba ameifunga. Na sikujua lipi lilikuwa afadhali. Akiikumbuka na kuifungua, wataondoka naye, na waliochukuliwa namna ile hatukuwaona wote wakirudi. Akiiacha, pikipiki itakufa pale kwenye kijia, katikati ya watu wenye haraka na bunduki, na watamdhania amefanya kusudi. Nilimtazama machoni. Akageuka, akapanda pikipiki yake. Mtu wa koti la njano akapanda nyuma yake, mwingine akapanda nyuma ya huyo, na injini ikawaka mara moja, nzuri, kama iliyotoka dukani.

Nikaondoka. Riziki alikuwa amefungwa mgongoni, bibi nyuma yake ameshika beseni, watu watatu kwenye ya mia na ishirini na tano, na kilima mbele. Nilitia vitesi ya kwanza, na tangu hapo sikuitoa. Masikio yangu yote yalikuwa nyuma. Niliisikia ile ya mia mbili inapanda msituni, inavuta, inavuta. Kisha ikakohoa. Kikapita kimya. Nikangoja mlio wa bunduki, nimeuma meno, na badala yake ikaja mvua, ikafunika kila kitu.

Sijui niwaeleze vipi kile kilima. Nilikuwa na hasira na Kasereka kwa kuiosha ile pikipiki, nilikuwa na hofu, na mikono ilibidi ifanye kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ambreyaji, yaani klachi, ilianza kunuka. Bibi akashuka bila kuambiwa, akavua viatu, akapanda kilima kwa miguu nyuma yetu. Riziki alikuwa ameshika mkanda wangu kwa mikono miwili. Maumivu yalipomjia mkanda ulinikata kiuno, na nikajua kabla hajasema.

"Simama, papa."

"Mama, hapa tukisimama haitaondoka tena. Vuta mukanda. Vuta kabisa."

Akavuta. Mbele kidogo gurudumu la nyuma likateleza kwenye ukingo wa shimo, tukalala. Nililala upande wangu ili yeye aje juu. Nikafungua kitenge, nikamkalisha kwenye nyasi, mvua inampiga usoni, na bibi alikuwa bado mbali chini. Pikipiki ilikuwa ubavu, kwenye mteremko, na mzigo wa Kasereka niliokuwa nimeuchukua umefungwa nyuma. Hapakuwa na mtu wa kuita. Nikainama, nikaishika kama siku ile nyuma ya duka, nikainua. Ikasimama. Kama ingekuwa nyingine yoyote kati ya zile tatu, Riziki angefia kwenye zile nyasi, na mimi ningekuwa nimekaa karibu naye.

Kileleni bibi akatukuta, akapanda tena, tukafika Masisi jua bado lipo. Walimchukua kwa machela, bibi akaenda nao na beseni lake, ambalo sijui alilileta vipi. Mimi nilikaa kwenye lango la hospitali, nikitazama barabara. Baadaye bibi akatoka, miguu yake imevimba, akanishika kichwa. "Ni musichana. Bote bako wazima." Nilifurahi, na sikuweza kufurahi. Nilimwambia asante mama, nikarudi kutazama barabara.

Nikaisikia kabla sijaiona. Ile sauti ambayo Papa Paluku alisema si kila mtu anafurahi kuisikia, siku ile mimi niliifurahia, nikasimama katikati ya barabara nikainua mikono. Kasereka alikuja peke yake, miguu mitupu, jicho moja limefungana kwa kuvimba, na pikipiki imefunikwa matope kutoka taa mpaka namba. Hakuzima kwanza.

"Mama iko?"

"Iko. Na mutoto."

Ndipo akazima. Akashuka, mkono wa kushoto ukapita chini ya tanki, akafunga, akakaa chini kwenye udongo uliolowa. Nilikaa naye. Nilimshika bega.

Alinieleza kidogo kidogo. Alikumbuka robine pale pale injini ilipokohoa, na akaamua kuiacha. Akafungua bujii, akaipuliza, akapiga kiki, akaapa kwa watakatifu wote wa Papa Paluku kwamba imekufa. Wakampiga. Wakajaribu kuisukuma wenyewe. Lakini kijia kilikuwa kinapanda, mvua imeanza, na ile pikipiki ilikuwa nzito. Waliisukuma mpaka wakachoka, ikawaangukia, wakaiinua, ikawaangukia tena. Mwishowe yule wa koti la njano akaitwa kwenye redio, akatukana pikipiki, akatukana Kasereka, wakachukua viatu vyake na simu yake, wakaenda. Kasereka alikaa karibu nayo mpaka sauti zao zikaisha. Kisha akafungua robine.

"Kama ingekuwa ile mbuzi yako," akaniambia, "bangeibeba ku mabega, na mimi nyuma yayo."

Kwa hiyo msije mkasema Papa Bauma ametuambia ndogo ni bora. Uzito ule niliokuwa nausema vibaya ndio uliomrudisha. Na wepesi wa yangu ndio uliomfikisha Riziki. Kila nilipojaribu kutoa somo moja safi kutoka siku ile, nusu nyingine ililikataa.

Nyumbani Kasereka alisema viatu vimeibiwa parkingi na jicho ni tawi la mti. Mke wake hakuamini tawi, lakini hakuuliza. Ile ya mia mbili aliiendesha muda mfupi, haikuoshwa tena, kisha akaibadilisha, na baadaye akafungua duka la vipuri. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Akasema, "Andika. Lakini mimi usinisomee."

Masika, na ninyi wote, jibu langu basi. Ukitoka kwenye ya mia moja, usiruke. Kwa njia ya Walikale angalia ya mia na ishirini na tano au ya mia na hamsini. Kwanza kaa juu yake kwenye mteremko, si mbele ya duka. Miguu yote miwili ifike. Ifunge gunia, ilaze matopeni, iinue peke yako, na usilete rafiki wa kusaidia, maana rafiki huyo hatakuwepo. Uliza vipuri vyake vinapatikana wapi ukiwa umepita Nyabiondo. Badili kuroni kabla ya kubadili pikipiki. Sikiliza sauti yake ukiwa mbali, kama anavyoisikiliza mtu mwingine. Nendeni wawili. Na matope yaacheni yakauke.

Haya nilikuwa nimeyamaliza jana mchana, Masika alipoingia uani kwangu. Amenunua ya mia na hamsini, na tayari ilikuwa imepakwa udongo mpaka kwenye taa. Nikaona ameanza vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kumfanyia mtihani. Alizima injini huku ananisalimia, "Jambo yako, papa, mugongo iko namna gani?", na kabla mguu wake wa kulia haujavuka kiti, mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kupita chini ya tanki na kurudi. Hakutazama. Hakukata hata salamu.

Nikamwuliza nani alimfundisha ule mkono.

"Papa wangu," akasema. "Tangu niko mudogo, mbele hata sijajua kuendesha. Nikisahau, ananirudisha nianze tena. Lakini hajaniambia hata siku moja ni juu ya nini."

Nikamvutia kiti, nikaanza kumsomea haya niliyoandika.